Koti la Mtoto Halipitwi na Majira

Anayedhani kwetu ni joto tupu hajalala Goma, mashariki mwa Kongo. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Kivu liko mbele na volkano ya Nyiragongo iko mgongoni. Mvua ikinyesha usiku, mtoto mchanga huvikwa kofia ya sufu mpaka masikioni. Ukipanda Masisi, huko kwenye malisho, ndiyo usiseme. Basi lile koti nene ambalo mama wa Ulaya hulitoa mwezi wa nne, kwa kuwa baridi imekwisha na mtoto amerefuka, hapa lina wateja mwaka mzima. Mimi nauza nguo za watoto tangu ujana wangu, na makoti ndiyo yaliyosomesha wanangu.

Mama yule hulipeleka kwenye duka la hisani. Uingereza wana maduka hayo kila mji. Oxfam, kwa mfano, ilianza biashara hiyo Oxford miaka ya 1940. Duka huuza linachoweza, na kinachobaki huuzwa kwa kilo. Hapo kazi inahamia kwa wachambuzi: nguo za watoto peke yake, sweta peke yake, zilizochakaa pembeni. Kisha mashine hukandamiza robota la kilo 45, linafungwa mikanda na kupakiwa melini. Likishuka Mombasa au Dar es Salaam, sadaka imekwisha kuwa mali, na kila anayeligusa anadai chake mpaka Goma, ambako watu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hulisukuma hadi sokoni.

Wapo wanaoona hapo pana udanganyifu: kilichotolewa bure kinauzwaje kwa maskini? Swali hilo nimelisikia sana, hasa kwa watu ambao hawajawahi kununua robota. Jibu langu liko katika yaliyotokea hapa.

Mitumba si migeni Kongo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nguo kuukuu ziliingia koloni ya Wabelgiji kwa wingi, hata wachuuzi wa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya sasa) wakawa wanavuka kwenda kuzinunua Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Nguo mpya zilikuwepo pia. Lakini tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kuwanyang'anya wageni maduka na mashamba yao, na rafu nyingi zikabaki na vumbi. Baadaye hata kiwanda cha Filtisaf kule Kalemie, kilichokuwa kikisokota pamba yetu wenyewe, kikafa. Mzazi wa Goma aliyetaka kumvika mtoto alibaki na njia mbili: nguo ya kaka mtu au mtumba.

Sasa nije kwenye lava. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka kutoka Nyiragongo, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapasua mji katikati na kuingia ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Akina mama wenye akili waliwavika watoto kila kilichokuwa kabatini: shati juu ya shati, sweta, koti juu yake, kwa maana mgongo wa mtoto ndio sanduku lisilosahaulika njiani. Tuliambiwa tusirudi. Tukarudi baada ya siku chache, mawe yakiwa bado yanatoa moshi. Meza yangu ilikuwa chini ya jiwe. Makumi ya maelfu walikuwa hawana nyumba.

Msaada ulikuja, na Mungu awabariki waliotoa. Ila mifuko ile haikuwa imechambuliwa. Katika mmoja nilioufungua kanisani tulikuta nguo za kuogelea za mabinti, fulana nyepesi zisizo na mikono, na kiatu kimoja cha ngozi kisicho na mwenzake. Ni Januari, watoto wanakohoa! Mtoaji alitoa kilichomjaa nyumbani. Mfanyabiashara hawezi kufanya hivyo, kwa sababu akileta fulana za ufukweni Goma zitamwozea mikononi. Hasara ndiyo inayomfundisha baridi yetu. Wiki zile waliopata makoti waliyapata kwetu, wengi kwa mkopo, na sitasema wote walilipa.

Namna ya kununua nayo inafaa kuandikwa. Mama hampimishi mtoto suruali. Huchukua kiuno cha suruali na kukizungusha shingoni mwa mtoto, ncha zikikutana nyuma, inamtosha. Kisha huangalia pindo, kama kuna kitambaa cha kushusha mwakani. Mwisho anakagua magoti kwa kidole gumba. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, meusi na makali, na mtoto akianguka mara moja goti la suruali linakwenda. "Mama, hii imeshalainika," ataniambia, "unipunguzie." Mara nyingi ana haki.

Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Robota lililolipiwa dola 9 likafika dola 112.50. Kigali ilitaka viwanda vyake vipumue, na Marekani ilikasirika hadi mwaka 2018 ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo kwake bila ushuru. Huku Petite Barrière, kivuko chetu cha mpakani, akina mama wa Gisenyi walipita asubuhi wembamba kuja kwetu, jioni wakarudi wanene. Afisa alikuwa anajua. Sisi tuliuza vizuri.

Januari 2025 waasi wa M23 waliuchukua mji, benki zikafungwa na noti zikachakaa kiasi kwamba wauzaji wengi walizikataa. Kwa hiyo nimerudia mtindo wa zamani wa jirani kwa jirani. Mama analeta koti lililombana mtoto, zima, zipu inafanya kazi. Namkatia bei yake kwenye kubwa zaidi, anaongeza kidogo alicho nacho. Lile dogo linakaa mezani siku mbili tatu hivi. Likiwa na kofia halifiki jioni.