Kanisa Lililomo Ndani ya Neno "Gereza"

Mkazi wa Keko, wilayani Temeke, akitaja gereza la mtaani kwake hakumbuki kanisa. Wala hana sababu ya kulikumbuka, kwa kuwa kanisa lina jina lake, nalo limetokana na Kiarabu. Hata hivyo neno "gereza", lilipotoka vinywani mwa Wareno, lilikuwa igreja, yaani kanisa hasa. Mageuzi hayo hayaelezeki kwa kanuni za sauti peke yake. Hapana budi kuzitazama na kuta.

Wareno walifika Unguja mwaka 1503. Karibu karne moja baadaye, baina ya 1598 na 1612, wakajenga kanisa dogo ufukoni, mahali iliposimama leo Ngome Kongwe. Huko Roma mtindo wa Baroko ndio kwanza ulikuwa ukichipua. Na Goa, makao ya utawala wa Wareno katika Mashariki, watawa wa Mtakatifu Augustino walianza mwaka 1597 kujenga kanisa kubwa lenye mnara mrefu. Kanisa la Unguja halikuwa na fahari ya namna hiyo. Atakaye nguzo zilizosokotwa na malaika waliopakwa dhahabu asiende kuwatafuta huko.

Mwezi wa Desemba 1698 Waomani waliiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, na utawala wa Wareno katika pwani hii ukavunjika. Ndipo Waomani walipojenga ngome yao Unguja juu ya kiwanja kile kile. Kanisa hawakulifuta lote: mabaki yake waliyaingiza katika kuta za ngome, na yamo hata leo. Waashi wenye busara hawatupi ukuta uliokwisha simama. Katika karne ya 19 ngome hiyo ilitumika kuwa kifungo. Baadaye ilipata kuwa karakana ya reli ya Bububu, na mwaka 1949 ikageuzwa klabu ya tenisi ya mabibi. Lakini kufikia hapo lugha ilikuwa imekwisha kata shauri.

Kwa upande wa sauti njia ni nyepesi. Irabu ya mwanzo ilidondoka. Konsonanti g na r zikatenganishwa kwa irabu e. Na j ya Kireno, ambayo sauti yake haimo katika Kiswahili, ikawa z. Wingi ukafuata desturi: magereza.

Maana ndiyo yenye mazito. Haikuruka kutoka kanisa hadi kifungo, bali ilipitia ngome, na shahidi wa hatua hiyo yuko Kilwa Kisiwani, ambako ngome ya pwani inaitwa Gereza hadi leo. Wala haifai kuipa Unguja peke yake sifa ya kulizaa neno hili. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa 1593, nayo ilikuwa na kanisa ndani yake, kisha ikawa kifungo tangu 1895 hadi 1958.

Mtu aweza kushawishika kuona hapa kejeli: kwamba wenyeji, kwa chuki ya Wareno, waliifanya nyumba ya ibada yao kuwa nyumba ya mateso. Dhana hiyo inavutia, lakini haisimami. Kama chuki ndiyo iliyolipotoa neno, "padri", ambalo nalo ni la Kireno, lisingalisalimika. Nalo limedumu na maana yake ile ile, kwa sababu padri, tofauti na kanisa lake, hakuzungushiwa ukuta wa ngome.