Kilele Kilichoponea Shoka
Familia zinazopiga kambi Mount Mitchell, huko North Carolina, zinasimika mahema yao kwenye msitu ulioponea chupuchupu. Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni za mbao zilipandisha reli mlimani na kuanza kuufyeka.

Gavana Locke Craig hakukubali. Mwaka 1915 bunge la jimbo likaidhinisha ununuzi wa kilele hicho cha mita 2,037, kirefu kuliko vyote mashariki mwa mto Mississippi, kikawa hifadhi ya kwanza ya jimbo. Uamuzi wa kishujaa!

Kileleni amezikwa Elisha Mitchell, profesa aliyeupima mlima huo. Mwaka 1857 alirudi kuthibitisha vipimo vyake, akaanguka kwenye maporomoko ya maji na kufa.

Wazazi, wasimulieni watoto habari za Craig na Mitchell. Na wabebeeni makoti ya baridi ya kileleni, hata Julai.