Ngamia Hakamuliwi kwa Zoom

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa Kenya, Rais Uhuru Kenyatta alifunga shule na kuhimiza watu wafanyie kazi nyumbani. Sawa. Lakini Isiolo je?

Hapa akina mama hununua maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji na kuyapakia kwenye basi hadi Eastleigh, Nairobi. Aprili 6, magari ya abiria yakakatazwa kuingia au kutoka Nairobi. Mizigo iliruhusiwa, ndiyo, ila mama mwenye mitungi mitatu atakodi lori na nini? Mei 6, Eastleigh yenyewe ikafungwa, katikati ya Ramadhani.

Kwa wazee wa Isiolo, karantini si neno geni. Wakati wa mkoloni, kaskazini yote ilikuwa eneo lililofungwa: bila kibali hupiti. Mifugo nayo ilizuiliwa hapa Isiolo kwa ukaguzi, isije ikapeleka homa ya mapafu kwa ng'ombe wa walowezi. Ugonjwa ulikuwepo kweli, lakini gharama ya kungoja ilibebwa na mfugaji. Ndiyo maana hadi leo kuna watu wa kaskazini wanaosema "naenda Kenya" wakielekea Nairobi.

Mwaka 2020 kizuizi kilihamia Nairobi, na sababu yake ilikuwa ya haki. Bili, hata hivyo, ilirudi kwa wale wale. Janga lingine likija, anayepanga vizuizi aanze kwa kuuliza maziwa yatapitia wapi.