Orodha ya Grant na Jeranio za Porini za Ngara na Biharamulo

Ukiuliza Ngara au Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, jeranio lilitoka wapi, jibu la haraka ni kwamba ni ua la Wazungu: waliliingiza wamisionari, likapandwa kwenye makopo barazani, basi. Jibu hilo limezoeleka mno, nalo si sahihi. Wazazi wa jeranio la kopo ni Pelargonium zonale na Pelargonium inquinans, mimea ya porini ya Afrika Kusini iliyofikishwa kwenye bustani za Ulaya mwanzoni mwa karne ya 18. Aliyelileta huku kwa meli alikuwa akilirudisha barani mwake. Na muhimu zaidi, ukoo huo una ndugu wa porini Afrika Mashariki ambao hawakuletwa na mtu.

Ushahidi wa maandishi juu ya ndugu hao ni wa zamani kuliko misheni za huku. Mwaka 1868, Daniel Oliver wa bustani za mimea za Kew alichapa juzuu ya kwanza ya kitabu cha mimea ya Afrika ya kitropiki, na humo akalipa jina Geranium aculeolatum, jeranio lenye vimiba vilivyopinda ambalo hutambaa juu ya vichaka pembezoni mwa misitu. Linaota Rwanda, Burundi na Tanzania. Misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, ilianza mwaka 1892. Ua lilikwisha kuwa kitabuni miaka 24 kabla.

Miongoni mwa mikusanyo aliyoitumia Oliver ni ule wa James Augustus Grant, mwenzake mpelelezi Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, na hapa ndipo penye chanzo kilichotupwa. Kitabu cha Speke cha mwaka 1863 husomwa kwa ajili ya ugomvi wa chanzo cha Nile. Mwishoni mwake kuna kiambatisho cha mimea aliyoikusanya Grant kati ya Zanzibar na Cairo, ikatambuliwa na Thomas Thomson. Msomaji akishafika Nile, hufunga kitabu.

Msafara huo ulipita kwetu. Miezi ya mwisho ya 1861 ulikuwa Usui, yaani Rusubi, nchi ya Biharamulo ya leo, ukibishana na watu wa mtemi Suwarora juu ya hongo. Kisha ukaingia Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Speke anausimulia Usui kama mahali pa kero na ucheleweshaji, na wanahistoria wengi wamemfuata. Mimi nauona ucheleweshaji huo kwa jicho jingine: kwa mkusanyaji mimea, kila siku ya kungoja ni siku ya kuangalia kinachoota. Januari 1862 Speke aliondoka kwenda Buganda. Grant, mguu ukiwa umevimba na kutoka usaha, akabaki Karagwe hadi Aprili, akaondoka akiwa amebebwa kwa machela. Mtu aliyebaki nyuma ndiye aliyetuachia kumbukumbu ya mimea. Kati ya 1872 na 1875, juzuu ya 29 ya jarida la Linnean Society la London ilichapisha mimea ya safari hiyo kwa michoro, pamoja na maelezo ya Grant mwenyewe ya mahali alipoiona na jinsi wenyeji walivyoitumia.

Lakini karatasi za mimea hiyo hazikutembea zenyewe. Wapagazi na Waungwana wa Zanzibar, chini ya Sidi Mubarak Bombay, ndio waliofikisha mizigo hiyo Nile. Kuuita mkusanyo huo kazi ya mtu mmoja ni kudhulumu.

Waliofuata nawapitia upesi. G. F. Scott Elliot alipita Karagwe miaka ya 1890. Mjerumani Mildbraed alifika Bukoba mwaka 1907. Wa kukumbukwa ni R. E. S. Tanner, ofisa wa serikali ya kikoloni, ambaye karibu na 1960 alikusanya mimea Bugufi na Bushubi, huko Ngara, na kuandika matumizi yake kwa wenyeji. Na mwaka 1971 Mkenya John Kokwaro akaandika sura ya ukoo wa jeranio katika Flora of Tropical East Africa. Katika mgawanyo wa kitabu hicho, Ngara na Biharamulo zimo katika eneo la T1. Anayetaka kuanza utafiti aanze na Kokwaro. Maelezo yake yametoka kwa mtu aliyejali dawa za wenyeji kama alivyojali petali.

Utambuzi si wa wataalamu peke yao. Hadi 1789, mtaalamu wa mimea L'Héritier alipoitenganisha Pelargonium, yote yaliitwa Geranium, na mkanganyiko huo ungali nasi. Chukua ua moja. Petali zote tano zikiwa sawa na stameni kumi zote zina chavua, hilo ni Geranium. Petali mbili za juu zikitofautiana na za chini, kata kikonyo cha ua kwa wembe chini kidogo ya sepali: ukiona mfereji wa mbochi ndani yake, ni Pelargonium. Mbegu yake ina mkia wenye manyoya unaojisokota ukikauka na kujinyoosha ukilowa, hadi mbegu ijichimbie udongoni.

La kutafutwa kwanza kwenye nyasi na miombo ni Pelargonium luridum, linaloota kutoka Afrika Kusini hadi Tanzania. Majani yake ya kwanza ni mapana, ya baadaye huchanika kama nyuzi, kiasi kwamba mmea mmoja hudhaniwa miwili. Kiangazi hujificha kwenye kiazi chini ya ardhi, hata moto ukipita. Anayelipanda alipe udongo usiotuamisha maji na aache kumwagilia majani yakikauka, la sivyo kiazi kitaoza. Akusanye mbegu, asing'oe kiazi.

Kusini mwa Afrika kiazi hicho ni dawa ya kuhara. Januari 2010, Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilifuta hataza iliyohusu dawa ya pelargoni nyingine za Afrika Kusini, baada ya jamii ya mji wa Alice kupinga kwamba ujuzi huo ni wao tangu zamani. Kumbukumbu ni ulinzi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa biolojia wa Ngara na Biharamulo, na wazee wanaojua dawa: kausheni tawi lenye ua na tunda, andikeni kijiji, tarehe, jina la Kihangaza, Kishubi au Kizinza, na matumizi kwa ridhaa ya aliyewaeleza. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine iende hifadhi ya taifa ya mimea mikavu Arusha. Na jina la aliyeutambua mmea liandikwe juu ya karatasi.