Mchago Ukishushwa Chini ya Miguu

Mtu akisimama, damu nyingi hujikusanya miguuni. Akilala chali, zaidi ya nusu lita hurudi kifuani. Vyumba vya juu vya moyo hutanuka, mwili ukadhani umezidiwa na maji, na figo zikaanza kuyatoa pamoja na sodiamu. Kwa usingizi wa usiku mmoja hilo si neno; kwa wiki nzima za kulala, ni habari nyingine.

Hadi miaka ya 1940 kitanda kilikuwa dawa. Aliyejifungua, aliyepasuliwa, mwenye maradhi ya moyo, wote waliamriwa walale. Mwaka 1947 daktari Mwingereza, Richard Asher, alikemea mazoea hayo kwa maandishi. Mwaka uliofuata, huko New York, mtafiti Deitrick na wenzake walichapisha matokeo ya vijana wanne wenye afya njema waliofungwa plasta ngumu kuanzia kiunoni hadi vidoleni kwa wiki 6 hadi 7. Chakula chao kilipimwa, mkojo wao ukakusanywa. Kupima damu pekee kusingetosha, kwani maji na sodiamu hutoka pamoja, kipimo kikaonekana cha kawaida huku akiba ikipungua. Kalsiamu iliyotoka ilizidi iliyoingia: mifupa ndiyo iliyokuwa ikilipa. Jaribio liliporudiwa kwa kitanda cha kupembea, kinachoinua na kushusha miguu chenyewe, hasara hiyo ilipungua.

Miaka ya 1970 wanaanga wa Kisovieti waliorejea duniani walilalamika kwamba kitandani wanahisi kama wanateleza kuelekea miguuni. Matendegu ya upande huo yakainuliwa hadi wakajiona wamelala sawa. Malalamiko hayo, madogo kwa kuyasikia, yaliwapa watafiti njia ya kuiga anga bila roketi: kumlaza mtu kichwa kikiwa chini ya miguu kwa digrii 6. Mwaka 1986 wanaume 9 walianza kulazwa hivyo Moscow, kwa digrii 5, kwa siku 370.

Majaribio ya namna hiyo yameonyesha kwamba sodiamu na maji huwahi kutoka, katika siku za mwanzo, kisha mwili ukatulia. Potasiamu hufuata polepole misuli inaponywea. Kalsiamu haikomi kwa wiki nyingi.

Leo kazi hiyo hufanyika Köln na Toulouse. Wanaojitolea hula, huoga na hujisaidia wakiwa wamelala, na bega moja sharti liguse godoro wakati wote.