Floraiti: jiwe la matanuru lililofungua elimu ya mwanga

Kwa karne nyingi floraiti ilithaminiwa kwa kazi ya motoni. Mwaka 1530 tabibu wa Kijerumani Georgius Agricola, aliyeishi miongoni mwa wachimba migodi, alieleza jinsi mawe hayo ya rangirangi yalivyotiwa tanuruni pamoja na mawe yenye madini ili yayeyuke upesi. Ndiyo madini yaliyochimbwa kwa miongo kadhaa Kimwarer, katika Bonde la Kerio nchini Kenya, na kupelekwa viwanda vya ng'ambo. Lakini mchango wake mkubwa kwa sayansi ulitokana na tabia ambayo wachimbaji hawakuwa na haja nayo: kutoa mwanga.

Mwaka 1819 Edward Daniel Clarke, profesa wa madini wa Cambridge, aliandika juu ya floraiti ya Durham, kaskazini mwa Uingereza. Ukiiinua dirishani na kutazama ndani yake, ni ya kijani. Jua likiupiga uso wake, huonekana buluu.

Jibu la fumbo hilo lilianza kupatikana mwaka 1852, katika chumba chenye giza. George Gabriel Stokes, naye wa Cambridge, aliupitisha mwale wa jua kwenye prizimu ukatawanyika rangi zake, kisha akausogeza mrija wenye maji ya kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Kuanzia nyekundu hadi kijani mrija ulibaki maji matupu. Ulipofika mwisho wa urujuani na kuvuka, pale ambapo jicho halioni kitu, ukawaka buluu. Stokes akatambua kwamba maji yale, sawa na floraiti, hupokea mionzi isiyoonekana na kuirudisha ikiwa mwanga wenye nguvu pungufu. Akauita mwanga huo fluoresensi, kwa heshima ya jiwe hilo.

Hata hivyo floraiti safi, yaani kalsiamu na florini pekee, haina rangi wala haiwaki hivyo. Buluu ya Durham inatoka kwa europiamu, elementi iliyogunduliwa mwaka 1901. Chembe zake chache huingia mahali pa kalsiamu na kung'aa humo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na floraidi, yaani misombo ya florini kama floraiti yenyewe, ni wenyeji wazuri. Hupitisha mwanga wa aina nyingi, na atomi zake hutetemeka kwa nguvu ndogo, hivyo nishati ya mgeni haipotei upesi kuwa joto. Leza ya pili duniani, iliyoundwa na Peter Sorokin na Mirek Stevenson wa IBM mwaka 1960, ilikuwa kalsiamu floraidi iliyotiwa urani kidogo. Baadaye floraidi zilizotiwa iterbiamu na erbiamu zikavuka hata kanuni ya Stokes ya nguvu pungufu: hujumlisha nguvu za miale ya infraredi na kutoa mwanga wa kijani.

Mwaka 1969 watafiti wa Bell Laboratories, Marekani, waliripoti jamii nyingine: floraidi za bariamu zenye manganizi, chuma, kobalti au nikeli. Fuwele hizi zina upande chanya na upande hasi wa umeme bila kuunganishwa na betri. Za kobalti na nikeli zilikubali kugeuzwa pande kwa volteji. Za manganizi na chuma zilikataa. Zikipozwa sana, sumaku ndogondogo za atomi zake hujipanga. Ile ya manganizi hufikia hapo kwenye nyuzi 247 hivi chini ya sifuri.

Mwaka 1994 Hans Schmid wa Geneva alizipa fuwele zinazounganisha tabia kama hizo za umeme na za sumaku jina la maltiferoiki. Mwaka 2006 Claude Ederer na Nicola Spaldin walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba, katika floraidi ya bariamu na nikeli, kugeuza pande za umeme kunaweza kugeuza mpangilio wa sumaku. Hilo si jambo dogo. Kuandika kumbukumbu za sumaku kwa mkondo wa umeme huzalisha joto. Kuziandika kwa volteji kungeokoa nishati nyingi.

Kwa sasa baridi kali inayohitajika imezifungia fuwele hizi maabarani. Lakini katika ile ya manganizi, mwenye sumaku ndiye mwenye mwanga: ayoni ile ile ya manganizi hung'aa kwa rangi ya kukaribia nyekundu, na mng'ao wake hubadilika mazingira yake yakibadilika. Anayetaka kujua yanayotokea ndani hahitaji kuivunja fuwele. Auchunguze mwanga wake. Hapo ndipo ninapoona tumaini la utafiti wa fuwele hizi: kipimo kimo ndani ya kitu kinachopimwa.