Baada ya Kura Kuhesabiwa: Italia, Aprili 1948



Wahenga walituachia neno: asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo tumezoea kumwelekezea aliyeshindwa. Juma hili tunapenda kumtazama mwenzake, yaani aliyeshinda, kwa kuwa naye ana mtihani wake, nao huanza siku ile matokeo yanapotangazwa. Tutajifunza kutokana na uchaguzi wa Bunge uliofanyika nchini Italia mwezi Aprili 1948.

Italia ya wakati ule ilikuwa nchi yenye majeraha. Ilikuwa imetoka katika utawala wa kifashisti wa Benito Mussolini na katika vita vilivyoigeuza miji yake kuwa magofu. Mwaka 1946 wananchi waliukataa ufalme na kuchagua jamhuri, nao wanawake walishiriki kwa mara ya kwanza katika kura ya taifa zima. Katiba mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1948, na uchaguzi wa Aprili ulikuwa wa kwanza kufanyika chini yake.

Pande mbili kubwa zilikabiliana. Upande mmoja kilisimama Chama cha Demokrasia ya Kikristo, kikiongozwa na Waziri Mkuu Alcide De Gasperi. Upande wa pili walisimama Wakomunisti wa Palmiro Togliatti na Wasoshalisti wa Pietro Nenni, walioungana katika orodha moja. Hofu ya Wakatoliki wengi haikuwa ya bure. Katika uchaguzi wa 1946 vyama hivyo viwili, vikijumlishwa, vilipata karibu asilimia 40 ya kura, ilhali Demokrasia ya Kikristo ilipata asilimia 35. Tena, Februari 1948, Wakomunisti walikuwa wametwaa madaraka Chekoslovakia.

Kanisa halikukaa pembeni. Wakati huo wa Papa Pius XII, Luigi Gedda, kiongozi mlei, aliunda Kamati za Kiraia zilizowahamasisha waamini, parokia kwa parokia, waende kupiga kura. Marekani ilitoa fedha kwa siri, na ikaonya hadharani kwamba misaada yake ingekoma iwapo Wakomunisti wangeshinda. Moscow nayo haikuwasahau watu wake.

Wapiga kura walijitokeza kwa kiwango cha asilimia 92. Demokrasia ya Kikristo ilipata asilimia 48.5, yaani kura zaidi ya milioni 12.7, na viti 305 kati ya 574 vya Baraza la Wawakilishi. Wakomunisti na Wasoshalisti walipata asilimia 31 na viti 183.

Hapa ndipo panapotudai tafakari. Katika Baraza hilo chama kimoja kilikuwa na wingi wa kutosha kutawala peke yake. Wapo waliotamani serikali ya Wakatoliki watupu. De Gasperi hakuifuata njia hiyo. Aliwaita Waliberali, Warepublikani na Wasoshalisti wa mrengo wa wastani wa Giuseppe Saragat wakae naye katika baraza la mawaziri. Ni kweli kwamba katika Seneti hesabu ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa walikuwamo maseneta zaidi ya 100 walioingia bila kupigiwa kura. Lakini sababu yake ilizidi hesabu: hakutaka Italia igawanyike tena kati ya watu wa Kanisa na wapinzani wa Kanisa, kama ilivyokuwa tangu mwaka 1870, Roma ilipotwaliwa kutoka mikononi mwa Papa.

Tusisahau kwamba mtu huyu aliwahi kuishi upande wa walioshindwa. Mafashisti walipovifuta vyama vingine mwaka 1926, chama chake kilizimwa. Mwaka 1927 alitiwa gerezani, na kuanzia mwaka 1929 alijipatia riziki kwa kazi katika Maktaba ya Vatikano. Alikuwa amemwona kwa macho yake mshindi anayemeza kila kitu.

Wala hakuwa malaika. Kwa uchaguzi wa mwaka 1953 serikali yake ilipitisha sheria ya kuuongezea viti muungano ambao ungevuka nusu ya kura. Muungano wake ulikosa nusu hiyo kwa kura chache, na muda mfupi baadaye akaondoka madarakani. Lakini mwaka mmoja kabla, katika uchaguzi wa jiji la Roma, alikuwa amekataa shauri lililoungwa mkono na Papa mwenyewe, la kuungana na wafuasi wa mfalme na mabaki ya mafashisti ili kuwashinda Wakomunisti. Baadaye alipoomba kuonana na Baba Mtakatifu pamoja na familia yake, katika mwaka wa 30 wa ndoa yake, alikataliwa. Alilipokea pigo hilo kama mwana wa Kanisa, lakini kama Waziri Mkuu alieleza wazi mshangao wake. Alifariki tarehe 19 Agosti 1954, na leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa. De Gasperi alikwisha kuonja gharama ya fundisho hilo.

Nasi tujiulize. Tunapochagua viongozi, iwe bungeni, kijijini au katika halmashauri ya walei, mara ngapi walioshinda wamewatafuta walioshindwa na kuwapa kazi? Kura huonyesha nani amepata wengi. Haiwafuti wachache, nao wataendelea kuwa jirani zetu, na Jumapili tutapeana nao mikono ya amani. Tuwaombee washindi wote moyo wa kuwakumbuka.